Kiinuzi cha Mbonea

Kwa miezi saba nilivaa viinuzi viwili miguuni, changu kushoto na cha mume wangu kulia, na hakuna aliyejua ila sisi wawili. Baadaye nikabaki peke yangu ninayejua, kwa sababu Mbonea alishasahau.

Naandika haya kwenye daftari la mistari, saa nne asubuhi, nikiwa na akili zangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo watakaobisha. Naitwa Nambua, nina miaka sitini na tisa, nimeshona sare za shule hapa Vumbeni, huku juu Upareni, miaka thelathini na minane, na sijawahi kukosea kola ya mtoto wa mtu. Kama kuna nililokosea, ni hili ninaloanza kulieleza, na nililikosea kwa heshima.

Ukiwa na miaka sitini na tano au zaidi, na zamu ya kijiji chenu imefika, watu wa Idara ya Uzee Mwema wanakuja na kipochi chao na kukufunga pete nyembamba ya kijivu kwenye kifundo cha mguu, ndiyo tunayoiita kiinuzi. Ukikaa nusu saa, inakutekenya. Unasimama, unainuka na kukaa mara kumi bila kushika kitu, unanyanyua visigino mara ishirini, kisha unatembea mpaka dakika tatu ziishe. Daktari aliyekuja kutufunga alituchorea ubaoni. Mtu akikaa sana, alisema, damu inazembea miguuni na ubongo unapunjwa haki yake. Akiinuka, mashavu ya miguu yanaisukuma juu tena. Sisi tulicheka, maana alikuwa amemchora mzee mwenye kichwa kama debe. Lakini pete haikuwa ya kuinua tu. Ilipima urefu wa hatua, ilipima mwili unavyoyumba, na zaidi ya yote ilipima muda unaopita kati ya kutekenywa na kusimama. Kwa hayo ilijua akili ya mtu imefika wapi, na kila mwezi ilimpa rangi. Kijani ni mzima. Manjano anapungua. Nyekundu ameshuka.

Kisha daktari akatusomea kanuni mbili, na hakuna aliyecheka tena. Ya kwanza, mtu hapelekwi Ukumbini, kwenye jengo lao la kuwatunza walioshuka, kabla hajapewa miezi sita ya kuinuka nyumbani kwake, na jamaa wa kumsimamia. Lakini aliyeinuka miezi sita kamili na bado akawa nyekundu, huyo nyumbani hana cha kusubiri. Ya pili, mwenye manjano akigundulika kuchezea pete, yake au ya mwenzake, huhesabiwa kuwa nyekundu siku hiyohiyo. Nilizisikia zote mbili vizuri. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Sasa tatizo letu lilianzia kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la wazee wetu, linakusanya maji ya mlimani na kuyagawa mashambani kwa zamu. Mbonea ndiye mwenye kigoda cha ndiva, kama baba yake na babu yake. Kaya sitini na mbili, na zamu zote alikuwa nazo kichwani, nani Jumanne alfajiri, nani Jumatano baada ya adhuhuri, nani alimwazima nani wakati wa msiba. Kila Alhamisi anaketi kwenye kigoda na watu wanaleta mashauri yao. Na mila ya kigoda ni moja tu: mwenye kigoda akiinuka, kikao kimefungwa. Ambaye shauri lake halijafika atasubiri Alhamisi ijayo.

Alhamisi ya kwanza baada ya kufungwa pete, Mbonea alikaa nusu saa, pete ikamtekenya, akasimama. Watu wakatazamana. Kisha mmoja akachukua jembe lake, mwingine akafuata, na baada ya muda uwanja ukawa mtupu na mashauri ishirini hayajaguswa. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo. Ya tatu, mahindi ya watu wa bondeni yakaanza kujikunja majani, na kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee siku hizi anarushwarushwa kama mtoto wa kliniki. Hakuna aliyemkemea. Mbonea alirudi nyumbani akakaa bila kunywa hata uji.

Nilimhurumia. Kwetu heshima ya mzee ni kiti. Unamwambia kaa baba, maji utaletewa, fimbo utaletewa, wewe kaa. Mimi mwenyewe nimemwambia hivyo miaka arobaini. Basi nikachukua mafuta ya mgando, nikampaka kifundoni, na kwa kuwa miguu yake imekonda pete ikatoka bila shida. Nikaivaa mguu wa kulia. Nilimwambia ni kwa Alhamisi tu. Alicheka, akasema mwanamke mmoja kaolewa na pete mbili, na tulicheka wote.

Alhamisi ikawa Alhamisi na Ijumaa, kwa sababu alichoka. Kisha ikawa wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea. Pete zilinitekenya pamoja, niliinuka, nikanyanyua visigino, nikazunguka mti wa parachichi mara nne, nikarudi kwenye cherehani. Yeye alikaa. Nilimpelekea chai pale pale. Kila mwezi tulipata kijani, yeye na mimi, na niliona nimewashinda Idara kwa akili.

*

Mwezi wa tano wa siri yetu nilikwenda Ukumbini kumwona Namcheja. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, rafiki yangu tangu ujana, na kama kuna mtu niliyewahi kumwogopa kwa ulimi ni yeye. Alifungwa pete mapema kuliko sisi, akapelekwa huko baada ya kupata nyekundu mara mbili.

Ni jengo zuri, siwezi kusema uongo. Sakafu inang'aa, kuna maua, chakula kina mboga za kutosha. Wanawake wako upande mmoja wa ua na wanaume upande wa pili, na hawachanganywi. Nilimkuta kwenye kiti chenye mikanda laini kiunoni na magotini, katika safu ya viti arobaini. Alikuwa amenenepa mashavu. Alinitambua, akanishika mkono kwa nguvu, akauliza habari za Mbonea, akauliza kama bado nabana kola kwa pini za kutu. Nikafurahi mno. Kisha akatazama kushoto na kulia, akanivuta karibu.

"Nambua," alisema, "usikubali waku—"

Kengele ikalia. Viti vyote arobaini vikainama mbele, mikanda ikakaza, na wanawake arobaini wakasimama kwa pamoja. Mikanda ikawainua na kuwakalisha mara kumi. Ikanyanyua visigino vyao. Ikawatembeza mahali pamoja, magoti juu, magoti chini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama anakokwenda. Namcheja alikuwa bado ananiangalia lakini macho yake yalikuwa hayana mtu ndani. Ukutani kulikuwa na ubao wa mwanga unaoonyesha damu inavyopanda kichwani kwa kila mmoja, na mistari yote ilikuwa ya kijani. Dakika tatu zikaisha, viti vikawakalisha, mikanda ikalegea.

Nilimwuliza Namcheja alikuwa anataka kuniambia nini. Alinitazama kwa upole akauliza kama chai iko tayari. Nilimsubiri saa nzima, na kengele ikalia mara nyingine, lakini sentensi ile hakuirudia. Nikaondoka. Mpaka leo sijui ni kitu gani nisikubali, na ndicho ninachokiogopa kuliko kufa.

*

Ujumbe wa Idara ulikuja Jumatatu moja ya mwezi wa saba wa siri yetu, nikiwa napima sketi ya binti wa jirani. Simu ilisoma kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka: Mzee Mbonea wa Vumbeni, rangi yako mwezi huu ni manjano. Afisa wa kata atakutembelea baada ya siku kumi na moja kukupima ana kwa ana.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wamemjua. Kwa kweli Mbonea alikuwa amebadilika, na mimi nilikuwa nimeliona hilo kwa upande wa jicho na kulifunika. Alhamisi iliyopita alikuwa ametoa zamu ya Jumanne kwa kaya mbili tofauti, na watu walinyamaza tu. Mzee hasahihishwi mbele za watu. Waliondoka wakaenda kugawana wenyewe kando ya mfereji, kimya kimya, ili asijue. Nyumbani alikuwa anakaa akitazama ukuta, na nikimwita anageuka baada ya muda, kama anayetoka mbali.

Nilisimama na futi ya kushonea mkononi nikisema moyoni, wameona, wameona kwamba mzee wangu anapungua. Binti wa jirani akaniuliza kama ninaumwa. Ndipo nikatazama chini, nikaona pete ya Mbonea ilivyokaa kwenye mguu wangu wa kulia, na akili yangu ikachelewa kidogo, kisha ikafika.

Wangemwonaje? Hajatembea na ile pete kwa miezi saba. Hatua zilizopimwa zilikuwa zangu. Kuyumba kulikopimwa kulikuwa kwangu. Kuchelewa kusimama ni mimi niliyechelewa.

Kabla sijapata pa kukaa, simu ikalia tena. Bibi Nambua wa Vumbeni, rangi yako mwezi huu ni manjano.

Nilimwambia yule binti aje kesho kwa sketi yake. Nikakaa. Nikaanza kuhesabu mambo niliyokuwa nimeyapuuza. Juzi nilisimama baada ya kutekenywa nikashika fremu ya mlango, nikawa sijui nimesimama kwa ajili gani, mpaka zile pete zikatekenya mara ya pili kunikumbusha. Mguu wa kushoto nilikuwa nauburuta, nikasingizia kandambili. Nilikuwa nimeinuka mara zote, sijakosa hata moja, na bado napungua. Daktari wa ubaoni aliwahi kusema kwamba pete inasaidia lakini haimwahidi mtu kitu, na sisi tulikuwa tunacheka kichwa cha debe, hatukusikia.

Nilikuwa nimeificha siri yetu ndani ya kichwa changu, mahali salama kuliko pote. Sasa kichwa chenyewe kilikuwa kinavuja, na kuhusu Mbonea hakuna mtu duniani aliyejua ana rangi gani.

*

Siku ileile nilimrudishia Mbonea pete yake. Niliazimia kwamba kwa siku kumi na moja atainuka mwenyewe, kila nusu saa, na afisa akija atamkuta imara. Nilijiambia kuwa miezi saba inaweza kufidiwa, kama vile mtu anavyofidia usingizi.

Pete ikamtekenya. Alitazama mguu wake kwa mshangao, akaukuna. Nikamwambia asimame. Akaniambia watu bado wamekaa. Nikamwambia tena, nikamvuta mkono, akakasirika, akasema kikao hakijaisha na ninataka kuwanyima watu maji. Tulishindana hivyo siku nzima ya kwanza, na nilipokwenda jikoni nililia kwa hasira, maana nilijua aliyemfundisha kutosimama ni nani.

Siku ya pili nilichoka kubembeleza. Pete ilipotekenya nikasimama mlangoni na kusema tu, nusu kwa utani, "Baba Nasemba, maji yamefika."

Akainuka. Akainuka bila kushika kitu, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye ubao ambao zamani ulikuwa mlango wa kufungia mfereji wetu, akainama akaunyanyua, akaushusha, akaunyanyua tena. Nilimhesabia kumi. Kisha akatembea kando ya tuta la mboga akiangalia chini, anafuata maji ambayo hayapo, dakika tatu nzima.

Kuanzia hapo nikawa na ufunguo. Kila nusu saa maji yalifika. Siku ya nne aliniuliza kwa nini navaa nguo nyeusi, nimefiwa na nani, na kweli nilikuwa nimevaa nyeusi. Siku ya sita, baada ya kuzunguka tuta, alikaa akanitajia zamu za Jumatano zote kumi na moja kwa mpangilio, akamtaja na marehemu aliyeacha zamu yake kwa mpwa. Alimpigia binti yetu Nasemba simu, akamtania kuhusu kupika kwake, na Nasemba akaniuliza baadaye huku analia ni dawa gani nimempa baba. Dakika tatu. Nilikuwa nimemnyima dakika tatu, mara ishirini na zaidi kwa siku, kwa miezi saba, na nikamletea chai.

Nilimpenda zaidi siku zile kuliko siku ya arusi, na niliogopa zaidi. Ikifika alasiri anachoka na kuzama tena, na kila asubuhi ilibidi nimtoe tena huko alikozama.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, niliinama kumkaza pete kabla ya kuinuka. Mguu wake ulikuwa mtupu. Nikatafuta chini ya kigoda, kitandani, jikoni, nikapekua mpaka pipa la taka. Niliwaza imeibiwa. Niliwaza afisa ameshakuja. Kisha ikanitekenya. Ilikuwa mguuni kwangu, mguu wa kulia, imekaa vizuri kabisa, na mafuta ya mgando yalikuwa bado yananata kwenye vidole vyangu.

Sikumbuki kuivua kwake. Sikumbuki kuivaa. Nilikaa chini sakafuni nikaishika kwa mikono miwili. Mtu aliyefanya vile alikuwa mimi, mwenye mikono hii, na alipokuwa anafanya mimi sikuwepo.

*

Afisa wa kata anaitwa Eliwaza, mama wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na mkoba mzito. Alitusalimia shikamoo kwa kupiga goti, akasifu parachichi, akakubali chai. Sikuwa nimetegemea apendeke, na hilo liliniogopesha zaidi. Aliomba Mbonea akae kwenye kigoda kwa nusu saa, kisha tusubiri pete ifanye kazi yake. Akaniomba jambo moja.

"Bibi, ikitekenya naomba usimsemeshe. Hata neno moja."

Nilikuwa nimeyaweka yale maneno tayari ulimini tangu asubuhi. Nikayameza.

Tulizungumza habari za mvua. Mbonea alikuwa amevaa koti lake la kikao, ameshika fimbo, na kwa dakika zile mtu asingemdhania kitu. Kisha nikaona mguu wake ukishtuka. Alitazama kifundo chake. Alimtazama afisa. Halafu akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemfanyia mwenzake hisani.

"Inuka, Mama Nasemba," alisema. "Wewe ndiye unayeitwa."

Afisa alitabasamu, akafikiri ni maneno ya wazee. Akaangalia saa yake. Pete ikatekenya tena, na tena, na Mbonea akaendelea kunitazama akishangaa kwa nini siinuki. Ilipofika mwisho Eliwaza aliandika kitu, akavua miwani, akaifuta.

Alinieleza polepole. Mzee ni nyekundu. Mimi ni manjano, na mwenye manjano anabaki nyumbani, Nasemba atakuja kuishi nami kunisimamia. Lakini kwa mzee, alisema, ametazama rekodi yote na inamvunja moyo, maana hajawahi kuona mtu aliyeinuka kwa uaminifu namna ile. Miezi saba, hakukosa hata mara moja. Kama miezi saba kamili haikumsaidia, basi nyumbani hakuna cha kujaribu tena. Gari la Ukumbi litakuja Ijumaa ijayo.

Nilichotakiwa kusema ni "sawa" tu. Naandika hili ili lijulikane: nililifungulia mdomo lile neno. Niliona safu ya viti. Niliona Namcheja akinyanyuliwa katikati ya sentensi. Nikaona pia kwamba nikinyamaza siendi mimi, anakwenda yeye, na mimi nitabaki na binti yangu na cherehani na mti wangu. Wala asingejua kwamba nimemwuza. Pengine baada ya mwaka mmoja hata mimi nisingejua. Hilo ndilo lililonishtua, kwamba ningeweza kufanya jambo hilo kisha nikalisahau na kufa nimetulia.

"Amesema kweli," nikasema. "Anayeitwa ni mimi. Hizo nyayo za miezi saba zote ni zangu."

Hakuelewa. Nikamwambia afungue rekodi zetu mbili aziweke bega kwa bega. Alifungua, akatazama kwa muda mrefu. Hatua yangu na hatua ya Mbonea zilikuwa zinafuatana bila kuachana hata siku moja, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka siku kumi na moja zilizopita.

"Nililiona hili," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani mnatembea mmeshikana mikono. Niliwaonyesha wenzangu ofisini."

Nikamweleza yote, kigoda, mahindi, mafuta ya mgando. Nilimwambia kwamba Mbonea hajapewa miezi sita yake, kapewa siku kumi na moja tu, na katika hizo kumi na moja alirudi akataja zamu za Jumatano. Eliwaza alisikiliza akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi bila kuandika. Kisha akanikumbusha kanuni ya pili, kana kwamba sikuwa mstari wa mbele siku ile.

"Bibi, nikiandika haitafutika. Ijumaa ijayo gari litakuja kukuchukua wewe, na mzee atabaki na miezi yake sita. Kunywa maji kwanza, ufikirie. Mimi naweza kutoka nje nikaangalie parachichi."

Alikuwa mtu mwema, na alikuwa ananifungulia mlango. Nilimwambia asitoke, kwa sababu akirudi huenda nitakuwa nimesahau nilichotaka kusema, au nimepata akili ya kuogopa. Nikamwambia aandike sasa. Akaandika. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko ambavyo wangu ungekuwa.

Nilipomaliza kutia sahihi nilimpa lile ambalo ni la maana kuliko yote. Nilimwambia, mwambie binti yangu kwamba baba yake hasimami kwa kuambiwa simama. Aseme maji yamefika, na ampishe njia ya kwenda kwenye ubao wa mfereji. Na asimletee chai kitini. Chai iwekwe mezani nje, aifuate. Eliwaza akaandika.

Mbonea alikuwa bado ameketi. Kikao kilikuwa hakijafungwa. Nikaenda mlangoni, nikasema maji yamefika, na akainuka kwa fimbo yake akatoka kuelekea kwenye tuta, na sote wawili tulimtazama akinyanyua ule ubao. Afisa alimhesabia kumi kwa midomo bila sauti. Kisha akakunja karatasi zake akafunga mkoba.

Nilimsindikiza mpaka kwenye uzio. Pale ndipo nikakumbuka, kwa hofu kubwa, kwamba ameshaaga na sijamwambia lile la maana kuliko yote. Nikamshika mkono nikamwambia asikilize vizuri, amwambie Nasemba kwamba baba yake hasimami kwa kuambiwa simama, aseme maji yamefika.

Eliwaza aliweka mkoba chini, akatoa karatasi, akachukua kalamu akaandika tena, kwa utaratibu, kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Lakini nilikuwa nimesimama karibu na macho yangu bado yanaona. Yalikuwa yameandikwa pale mara tatu, mstari chini ya mstari, kwa mwandiko wake uleule, mwambie maji yamefika, mwambie maji yamefika, mwambie maji yamefika.

Pale uzioni mimi nilikumbuka kusema mara moja tu.